Bunduki Haiuzwi Kama Mbuzi

Mduara unapokosa dhahabu na karo ikadaiwa, mwenye bunduki tatu huanza kuitazama moja kama akiba. Hatumlaumu kwa kuuza, njaa haingoji. Tunalolipinga ni neno hili la hapa Makongolosi: "Mali yangu, namwuzia nimtakaye." La hasha! Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ya muuzaji haihami pamoja na bunduki. Mnunuzi sharti awe na yake.

Yule alipaye usiku pasipo kuuliza karatasi, analipia nini? Si kufukuza nguruwe mwitu shambani. Kaskazini yetu, katika hifadhi za Ruaha na Rungwa, tembo walikadiriwa kuwa zaidi ya 31,000 mwaka 2009. Mwaka 2013, baada ya ujangili mkubwa, walikuwa 20,090. Bunduki za majangili hazikushuka kutoka mbinguni.

Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, mliojua deni lake kabla ya mnunuzi wa usiku, mlimchangia nini? Fuataneni naye na mnunuzi halali hadi kituo cha polisi, mchana kweupe. Bei ikipungukiwa na ile ya gizani, mfuko wa jumuiya uijazie.