Aliyesemwa Alikuwapo?

Mtumishi akipeleka barua kwa bodi kueleza jinsi mkurugenzi anavyogawa zabuni kwa ndugu zake, haichukui siku mbili ataambiwa anapika majungu. Anayemzulia mwenzake wizi naye ataambiwa hivyo hivyo, na hata wale wawili wanaonong'onezana juu ya ndoa ya jirani. Majungu, umbea, fitina, kuchafua jina: siku hizi lolote kati ya haya linamtosha yeyote aliyefungua mdomo. Kiswahili hakikuyaweka kapu moja, na anayefaidika tunapoyachanganya ni mwenye cheo.

Tuanze na vitenzi vyenyewe. Kusengenya hakudai uongo, kunadai mtu asiyekuwapo. Huwezi kumsengenya mtu usoni pake. Hapo utakuwa unamsimanga, unamsuta au unamtukana. Uongo umo katika kusingizia na kuzulia, na ndiyo maana mtu husingizia hata ugonjwa, ambako hakuna jina la mtu linaloharibika. Kuchongea nako hakukamiliki bila mwenye uwezo wa kuadhibu: kamchongea kwa nani? Kwa bosi, kwa mwalimu, kwa mama mkwe. Jaribu kusema "kamsengenya kwa bosi" uone sentensi inavyochechemea. Fitina hupimwa kwa kilichofuata, maana waliokuwa wakipatana wakishafarakana, fitina imetimia hata kama kila neno lilikuwa kweli. Hesabu basi ni mara ngapi ukweli ndio kipimo. Ni mara chache. Swali linalorudi ni nani aliambiwa, na aliyesemwa alikuwa wapi.

Desturi ya kusuta huko pwani inakwenda na hesabu hiyo. Wanawake waliovaa sare za kanga humfuata mmbea mlangoni kwake na ngoma, na yale aliyoyasema kisogoni anasomewa mbele ya majirani. Hakuna anayehangaika kwanza kuthibitisha kama yalikuwa kweli. (Ni dawa kali, na huweza kumdhalilisha asiye na kosa, siipigii debe.)

Mwanasheria atasema mambo haya ni ya barazani, kwani mahakamani aliyesema kweli ana kinga, basi. Sawa, lakini mahakama inaamua nani alipwe fidia, na lugha ina kazi pana zaidi: inaamua nani aendelee kuaminiwa mtaani. Fikra ya Kiislamu, iliyolea maadili ya pwani kwa karne nyingi, iliyatenga mapema mambo mawili haya: kumsema ndugu yako kwa jambo la kweli analolichukia ni ghiba, na likiwa la uongo ni buhtani. Zote mbili ni dhambi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kosa ni kumsema asiyekuwapo, basi gazeti ndilo msengenyaji mkuu. Lingekuwa hivyo kama lisingemtafuta anayetajwa ajibu kabla ya kuchapa. Simu ile ya mwandishi humleta barazani. Wanazuoni wa Kiislamu nao hawakuifunga njia. Imamu Nawawi alitaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, mojawapo ikiwa ya aliyedhulumiwa kumpelekea shauri mwenye uwezo wa kulitatua. Barua ya yule mtumishi imo humo. Ina jina lake na sahihi yake, na mkurugenzi anaweza kuitwa ajibu. Kitenzi chake ni kushtaki.

Katika toleo hili, kila tulipokutana na "kuchafua jina" tulimrudishia mwandishi makala yake tukimuuliza: alisema nini, kwa nani, na mwenyewe alikuwapo? Wengi walipata kitenzi kingine. Neno lililotushinda ni kashfa, lenye asili ya Kiarabu katika kufunua. Tunasema kashfa ya Richmond, iliyomfanya Waziri Mkuu wa Tanzania ajiuzulu Februari 2008, tukikusudia kitendo. Tunasema pia fulani kafunguliwa kesi ya kashfa, tukikusudia maneno. Uovu na kuusema vimepewa jina moja, na sina neno la kuvitenganisha. Tumeliacha lilivyo, kurasa zote.