Tuache Kukariri Vitanzi

Nimekaa kimya wiki kadhaa, kazi imenibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Kama ulipitia somo la umeme chuoni, bila shaka ulikutana na mbinu ya mikondo ya vitanzi. Unachora sakiti, unaweka mshale wa kuzunguka ndani ya kila kitanzi, unaandika milinganyo, unatumia kanuni ya Cramer, unapata jibu na kulipigia mstari mara mbili. Alama kumi. Mimi nilizipata zote kumi, na sikuwa nimeelewa lolote.

Nilijuaje? Krismasi moja nilikuwa ushago. Mjomba alikuwa amenunua betri mpya ya sola, na taa ilikuwa ikiwaka vizuri tu. Akatoa betri kuukuu ya pikapu, akataka kuiunganisha na ile mpya, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ili nguvu iongezeke. Akaniuliza, "Mpwa, wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Itafaa?" Nikamjibu kwa kifua mbele, "Itafaa, mjomba. Betri mbili ni bora kuliko moja." Usiku ule giza lilitukuta tukiwa bado mezani.

Hebu tuhesabu nilichopaswa kuhesabu siku ile. Tarakimu nimezichagua zigawanyike vizuri, ila haziko mbali na betri halisi. Betri mpya: volti 12.6, ukinzani wa ndani ohmu 0.1. Betri kuukuu: volti 11.4, ukinzani wa ndani ohmu 0.2. Taa: ohmu 4. Chora betri mpya kushoto, taa katikati, kuukuu kulia, chanya zote juu. Una vitanzi viwili. Zungusha I1 katika kitanzi cha kushoto na I2 katika cha kulia, yote kwa mwendo wa akrabu za saa. Taa iko katika vitanzi vyote viwili, kwa hiyo mkondo wake ni I1 − I2.

Kirchhoff alitufundisha mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi, kwamba ukizunguka kitanzi ukarudi ulipoanzia, jumla ya volti ni sifuri. Basi:

4.1 I1 − 4 I2 = 12.6
−4 I1 + 4.2 I2 = −11.4

Jibu: I1 ni ampea 6, I2 ni ampea 3. Mwanafunzi hodari anapiga mstari hapa na kwenda kunywa chai. Mimi nilifanya hivyo miaka minne.

Sasa soma jibu. I2 ni chanya, na mshale wake unashuka ndani ya betri kuukuu kutoka chanya kwenda hasi. Maana yake betri ile haisaidii kuwasha taa. Inachajiwa! Betri mpya inatoa ampea 6, taa inapata 3, na kuukuu inameza 3. Ukipiga hesabu ya wati, taa inapata 36 na betri kuukuu nayo 36. Betri nzima ingeweka akiba na kuirudisha baadaye. Iliyochoka hugeuza sehemu kubwa kuwa joto. Na kama mjomba angeiacha betri mpya peke yake? 12.6 kugawanya kwa 4.1 ni ampea 3.07. Yaani tuliongeza betri, taa ikapungua mwanga kidogo, na betri mpya ikawa inakamuliwa karibu mara mbili.

Haya yote yalikuwa ndani ya mtihani wangu. Hakuna aliyeniuliza.

Najua wenzangu wa programu watasema: siku hizi nani anahesabu kwa mkono? Andika mistari minne, uende zako:

import numpy as np
R = np.array([[4.1, -4], [-4, 4.2]])
E = np.array([12.6, -11.4])
print(np.linalg.solve(R, E))

Sawa, itakupa 6 na 3. Wataongeza kwamba hata SPICE, programu maarufu ya sakiti iliyotoka Berkeley mwaka 1973, haitumii vitanzi bali volti za nodi, yaani pale nyaya zinapokutana. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba vitanzi vya namna hii vinataka sakiti inayochoreka bila nyaya kupitana juu kwa juu. Kompyuta haihitaji usumbufu huo.

Lakini jaribu hili. Katika mstari wa tatu, sahau alama moja ya kutoa, uandike 11.4 badala ya −11.4. Programu haitalalamika. Itakupa kwa utulivu kabisa karibu ampea 81 na 80. Umejua umefanya nini? Umeigeuza betri ya pili: waya mwekundu umeuweka kwenye hasi. Kwenye karatasi unapoteza alama mbili. Kwa mjomba unayeyusha nyaya na pengine kuunguza nyumba. Kompyuta haijui tofauti hiyo. Anayeijua ni mtu aliyewahi kuufuata mkondo kwa kidole kuzunguka kitanzi, akijiuliza kila hatua: hapa volti inapanda au inashuka?

Ndiyo sababu sikubaliani na kambi zote mbili. Mhadhiri anayetoa alama zote kwa hesabu anafundisha kazi ambayo mashine inaifanya vizuri kuliko sisi sote. Na mpogramu anayesema tuachane na vitanzi anatupa kitu pekee ambacho mashine haikupi, nacho ni kuelewa kilichoandikwa.

Pendekezo langu ni rahisi. Swali la mtihani libaki lile lile. Mwanafunzi achore mishale na kuandika milinganyo mwenyewe, kisha apewe kompyuta atafute jibu. Nusu ya alama ziwe za sentensi mbili kwa lugha ya kawaida: ni betri gani inalisha nyingine, na ungemshauri nini mwenye nyumba?

Asiyeweza kuandika sentensi hizo mbili hajafaulu, hata kama tarakimu zake ni sahihi hadi desimali ya nne. Nasema hivi nikijua kwamba kwa kipimo hicho mimi mwenyewe ningeanguka. Na mjomba, ambaye hajawahi kusikia jina la Kirchhoff, alihitaji sentensi hizo tu kutoka kwangu.