Gari Linapopuliza Joto

Katika ukurasa wetu wa gari la familia, mwezi huu tunashughulikia shida wanayoijua vizuri akina mama wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Unawasha kiyoyozi cha gari, feni inavuma kwa nguvu zake zote, lakini kinachotoka ni joto. Watoto nyuma wanalia, sare zimelowa jasho, na foleni haisogei.

Mara nyingi mama mwenye shida hii huenda kwa fundi, akaambiwa, "Mama, gesi imeisha." Hulipa, hujaziwa, hufurahi majuma machache, kisha joto hurudi. Akienda tena huambiwa neno lile lile. Wako waliojaziwa gesi mara tatu katika mwaka mmoja, kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya karo. Kwa ajili yao tunaandika. Hata ukisahau mengine yote, kumbuka hili moja: gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Ikipungua, imetoka mahali fulani, na mahali hapo pana tundu.

Baridi hutoka wapi?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje. Ukitoka kuoga ukasimama penye upepo unahisi baridi, kwa sababu maji yanapokauka mwilini huondoka na joto lako. Gesi ya kiyoyozi hufanya vivyo hivyo, lakini ndani ya mabomba yaliyofungwa.

Safari yake ni hii. Kompresa, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini, huisukuma gesi kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto sana. Kutoka hapo huingia katika rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji. Mafundi huiita kondensa. Hapo upepo wa nje na feni huipoza, nayo hugeuka kuwa majimaji. Hupita katika chujio linalonyonya unyevu, kisha katika vali yenye tundu dogo sana. Ikitoka upande wa pili hutanuka ghafula na kuwa baridi kali ndani ya koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni ya ndani hupuliza hewa juu ya koili hiyo, na baridi inawafikia ninyi. Gesi hurudi kwenye kompresa, safari ikaanza upya.

Unaona basi kwamba ni mzunguko. Gesi ile ile iliyotiwa kiwandani inaweza kuzunguka miaka mingi. Ni kweli kwamba mipira na viungo hupitisha kiasi kidogo sana mwaka hadi mwaka, hivyo gari la miaka 10 laweza kupungukiwa bila kosa la mtu. Lakini gesi inayoisha kwa majuma machache haikuisha, imevuja.

Kabla hujamwita fundi

Yako mambo unayoweza kuyaangalia mwenyewe bila kufungua hata nati moja. Egesha gari mahali pa wazi, si ndani ya banda lililofungwa. Weka watoto mbali. Funga kilemba na khanga vizuri, kwa maana mkanda unaozunguka hauna huruma, na feni ya mbele huweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote.

Kwanza, je, hewa inatoka? Kama haitoki kabisa, gesi haina hatia. Tafuta fyuzi iliyoungua au feni ya ndani iliyokufa. Kama inatoka kidogo tu, angalia chujio la hewa ya ndani. Katika magari mengi ya Kijapani liko nyuma ya kidroo kilicho mbele ya abiria. Likijaa vumbi hewa haipiti, na koili huweza kuganda barafu. Dalili ya barafu ni kwamba baridi huanza vizuri, kisha upepo hupungua taratibu, na ukizima kiyoyozi kwa nusu saa hali hurudi kuwa njema.

Pili, je, swichi zimewekwa sawa? Hakikisha taa ya kiyoyozi imewaka, kitufe cha joto kimegeuzwa mpaka mwisho wa baridi, na hewa inazungushwa ndani badala ya kuvutwa kutoka nje. Kama upande mmoja unatoa baridi na mwingine joto, huenda kijilango cha kuchanganya hewa ndani ya dashibodi kimekwama, ingawa katika baadhi ya magari hata upungufu wa gesi huleta dalili hiyo.

Tatu, je, kompresa inafanya kazi? Fungua boneti, mwambie mwenzako awashe kiyoyozi. Katika magari mengi utasikia mlio mfupi, "ta!", na bamba lililo mbele ya kompresa litaanza kuzunguka pamoja na pulii. Hiyo ndiyo klachi yake. Ikiwa haishiki, yawezekana fyuzi au rilei imekufa, au gesi imepungua mno na swichi ya ulinzi imekataa kuiwasha. Baadhi ya magari mapya hayana klachi hiyo, basi kutosikia mlio si ushahidi. Na gari lako likiwa la mfumo wa mseto, lenye nyaya nene za rangi ya chungwa, usiguse nyaya hizo kamwe. Zina umeme wa kuua.

Nne, je, feni ya mbele inazunguka? Mama anayesema, "Barabarani baridi ipo, kwenye foleni inapotea," amekwisha kutoa nusu ya jibu. Gari likienda, upepo unaipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Kama feni imekufa, au kondensa imezibwa na vumbi, majani na wadudu, joto halina pa kwenda. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, kondensa yaweza kuoshwa kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, maana mapezi yake ni laini na hupinda upesi. Tiba hii haina gharama kubwa, nayo imewaokoa wengi.

Tano, je, kuna mafuta mahali? Pitisha macho kwenye mabomba, viungo na kondensa. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, na inapovuja huacha doa lenye unyevu ambalo vumbi hulishika. Doa kama hilo mwonyeshe fundi. Lakini usihangaike ukiona maji safi yakidondoka chini ya gari. Huo ni unyevu wa hewa uliogandia koili na kutiririka nje, na ni dalili njema. Maji hayo yakilowesha zulia miguuni pa abiria, mpira wa kuyatolea umeziba.

Gesi imekwenda wapi?

Sasa tuseme umekagua yote na bado ni joto. Umefika kwa fundi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mwenye mzigo ndiye anayepata hasara. Fundi anayekujazia gesi bila kutafuta tundu hubaki na kazi ya kesho, na wewe hubaki na deni. Hatusemi kwamba kila fundi ni mdanganyifu. Wengi ni waaminifu, na wengine hawajapata vifaa. Lakini mwanamke anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 hulitazama shamba kabla ya kulinunua. Nawe litazame tundu kabla ya kulipia gesi.

Mazungumzo yenyewe yaweza kuwa ya heshima kabisa:

"Fundi, habari za kazi? Kiyoyozi kinatoa joto."

"Nzuri, mama. Hiyo ni gesi tu. Nikujazie?"

"Asante, fundi. Lakini naomba kwanza unionyeshe inapovujia. Nitakulipa kazi ya kutafuta."

Neno hilo la mwisho ni muhimu. Kutafuta ni kazi, na kazi hulipwa. Fundi mwema hufurahi kusikia hivyo. Atatumia povu la sabuni kwenye viungo, au kifaa kinacholia penye gesi, au rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuani. Mfumo ukiwa mtupu, ataupima kwa gesi ya naitrojeni. Asitumie oksijeni, kwa maana oksijeni ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo huweza kulipuka.

Tundu likipatikana, mara nyingi ni oringi ya mpira iliyochakaa, kitu kidogo kuliko pete ya kidoleni. Mara nyingine ni kondensa iliyopigwa na jiwe, au sili ya kompresa, au koili ya ndani, ambayo huhitaji kushusha dashibodi. Likizibwa, hewa na unyevu wote hunyonywa kwa pampu, nusu saa au zaidi. Kisha pampu huzimwa na geji hutazamwa. Mshale ukitulia, hakuna tundu. Ukipanda, bado lipo, au unyevu haujaisha. Hapo tu ndipo gesi hutiwa, nayo hutiwa kwa mizani.

Kwa nini mizani? Kwa sababu geji peke yake haitoshi. Gari likiwa limezimwa na hewa ni ya nyuzi 30, geji ya gesi ya R-134a husoma karibu psi 95, iwe ndani kuna gesi tele au majimaji kidogo tu yaliyobaki. Tena gesi ikizidi, kiyoyozi hupuliza joto vile vile, na kompresa huteseka. Kiasi kamili kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti.

Liko jambo moja la kukataa kwa upole lakini bila kuyumba. Fundi akisema ataunga waya moja kwa moja ili kompresa izunguke bila swichi ya ulinzi, mwambie asante, hapana. Swichi ile huizima kompresa kwa sababu gesi ikipungua, mafuta nayo hayarudi vizuri. Ikilazimishwa kuzunguka huweza kukauka, ikasagika na kumwaga vipande vya chuma katika mabomba yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyekwepa bei ya oringi hununua kompresa, kondensa na vali kwa pamoja.

Si kila gesi ni gesi

Soma tena kibandiko kile. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, iliyoonekana kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio ulioanza kuiondoa duniani. Mahali pake ikaja R-134a, ambayo utaikuta katika magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani. Magari mapya zaidi hutumia R-1234yf. Hizi hazichanganywi, na mafuta ya kompresa zake hayachanganywi ovyo.

R-134a haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja ikiachwa hewani hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Kwa hiyo gesi iliyobaki isifunguliwe tu ikaruka. Ikusanywe kwa mashine. Kuitunza dunia aliyotupa Mungu kunaanzia hata chini ya boneti.

Na gesi ya kupikia ikataliwe kabisa, hata kama ni rahisi na inapoza. Koili iko ndani, pamoja na watoto. Ikitoboka, gesi inayowaka moto itajaa pale mlipoketi.

Neno la mwisho juu ya watoto

Tunamaliza na jambo lililo kubwa kuliko fedha. Gari lililofungwa juani hupanda joto karibu nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Usimwache mtoto ndani ya gari hata kwa dakika chache za dukani, wala usimtegemee kiyoyozi akulindie mtoto. Injini yaweza kuzimika, na fyuzi yaweza kukatika.

Kabla ya kuondoka fungua milango yote kwa dakika moja, joto litoke, ndipo uwashe kiyoyozi. Katika miezi ya baridi nako kiwashe dakika chache kila juma, mafuta yazunguke na sili zisikauke. Kikiwa kizima, kipimajoto ukikiweka kwenye tundu la katikati la dashibodi kwa kawaida kitasoma kati ya nyuzi 5 na 10, na pwani penye unyevu mwingi huweza kuzidi hapo kidogo. Andika namba hiyo katika daftari la gari pamoja na tarehe. Mwaka ujao itakuambia ukweli kabla jasho halijakuambia.