Makumbusho Yaandike Majina

Tarehe 18 Mei ya kila mwaka ni Siku ya Makumbusho Duniani. Mkoa wetu wa Mtwara una mengi ya kuonyesha siku hiyo, na maonyesho yanapoandaliwa wananchi huyapenda. Neno letu leo ni moja tu: maonyesho hayo yaandike majina ya watu.

Pale Mikindani mgeni huonyeshwa Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na kibao kinachomtaja Dk. David Livingstone, aliyeteremka bandarini hapo mwezi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Hatusemi kibao hicho kiondolewe. Lakini Livingstone hakuingia bara peke yake. Pamoja naye walikuwamo Abdullah Susi na James Chuma, huyu wa pili akiwa Myao, ambao bwana huyo alipofariki mwaka 1873 waliuchukua mwili wake, wao na wenzao, mwendo wa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Nao wastahili kibao.

Jirani zetu wa Lindi wana kisa kizito zaidi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya Waafrika walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale huko Tendaguru, na wachukuzi wakaitwika hadi pwani. Karibu tani 250 zilisafirishwa kwenda Ujerumani, na mjusi mmoja aliyeungwa kwa mifupa hiyo amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake lilihifadhiwa; mwaka 2007 wataalamu walimwita mjusi mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wachukuzi karibu wote wamebaki kuitwa wapagazi tu, kama kwamba hawakuwa na baba wala mama wa kuwapa majina.

Yuko atakayeuliza, jina lina faida gani ya serikali? Na tutazame kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 ilifahamika kwamba ni mali ya Tanzania, yakafuata madai na mazungumzo ya miaka ishirini, hata kikarudishwa mwezi Mei 2010. Miaka ishirini, kwa kitu kilichokuwa mali ya makumbusho ya taifa! Basi kinyago kilichotoka nyumbani kwa mzee, kikauzwa kwa mpita njia bila hata kipande cha karatasi, nani atakidai, na kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa halmashauri waanze na daftari, hata kabla ya jengo. Kila kitu kiandikwe: ni nini, kilitengenezwa na nani, kilitumiwa wapi, kiko kwa nani. Mwenye mali apewe stakabadhi, na mali ibaki kuwa yake. Gharama yake ni daftari na nauli ya afisa utamaduni.

Na nauli hiyo iwe ya chombo pia. Mwezi Mei kusi imekwisha kuanza kuvuma. Kumwita mkazi wa Mongo au Namponda aje mjini na dema lake na ngoma ya babu yake, kisha asubiri mgeni rasmi hadi maji yamtupe, si kumheshimu. (Mgeni rasmi hachelewi, bila shaka, ni saa zetu ndizo hutangulia.) Maonyesho yafike Ziwani na Msimbati, katika darasa lolote la shule, na siku ichaguliwe kwa kutazama maji na upepo.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana wajibu. Ziko nyumba zenye masanduku ya barua na hati za mirathi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma, na mchwa hawachagui. Watu waliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali bado wapo. Watumiwe kuzisoma na kuzinakili wangali hai. Ama vitu vya jando na unyago, si vyote vya kuwekwa mezani mbele ya kila jicho. Wazee na makungwi waulizwe kwanza, na wakikataa, afisa aandike tu kwamba kitu kipo na mlinzi wake ni nani, kisha akiache mahali pake.

Daftari la kwanza lingeweza kufunguliwa kabla ya 18 Mei ijayo. Tungependa kusikia kutoka halmashauri ni kijiji gani kitaanza.