Mlango Umefunguliwa, Moyo Je?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelinyamazia.

Korona ilipoingia mwaka 2020, Kenya ilifunga shule mwezi Machi, na si wanafunzi wote waliorudi mpaka Januari 2021. Kafyu ya usiku iliendelea hadi Oktoba 2021. Nchini Uganda, baadhi ya watoto walikaa nyumbani karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022.

Hatua hizo zilikusudiwa kuokoa maisha, lakini nyumbani zilileta mzigo mwingine. Baba aliyepoteza kibarua alishinda kimya. Mama akawa mpishi, mwalimu na mlinzi bila kupumzika. Sisi hufarijiana kwa kukusanyika. Matanga yalipozuiwa, huzuni ilikosa pa kwenda. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioguswa zaidi ni wanawake na vijana.

Mbona tuyaseme leo? Kwa sababu si kila moyo ulifunguka siku mlango ulipofunguliwa. Yuko binti aliyekuwa mcheshi, ambaye tangu siku zile huwakwepa wenzake, na watu humwita mwenye maringo. Yuko mama anayewafokea watoto, kisha hulia peke yake jikoni.

Uchovu wa kawaida huisha ukipumzika. Lakini huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikabadilika, na uliyoyapenda yasikupe raha tena, huenda ikawa sonona. Huo ni ugonjwa, si uvivu wala upungufu wa imani, nao una tiba. Nenda zahanati ukaueleze kama unavyoeleza homa.

Na mtu akisema amechoka kuishi, tusimkemee. Tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Tusimwache peke yake. Tuombe pamoja naye, kisha tumsindikize hospitali, na nauli tumpe.

Jioni ya leo, baada ya chakula, tumwulize kila mmoja nyumbani, baba naye asisahauliwe: "Moyoni u hali gani?" Kisha tunyamaze, tusikilize.