Mwalimu mtafiti anahitaji wa kumuuliza, si wa kumkagua

Ni vigumu leo kukuta shule isiyo na kundi la WhatsApp la walimu wake. Humo mna tangazo la kikao, waraka kutoka halmashauri, takwimu zinazotakiwa kabla ya saa sita mchana, salamu za rambirambi na michango ya harusi. Kinachokosekana ni darasa. Mwalimu anaweza kumaliza muhula mzima ndani ya kundi hilo bila mtu kumuuliza hata mara moja: watoto wako wanakosea wapi, na umejaribu nini?

Tunalisema hili kwa sababu visingizio vimepungua. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unataka mwalimu ajifunze akiwa kituoni kwake, pamoja na wenzake katika jumuiya za ujifunzaji, badala ya kusubiri semina ya mjini. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli za mafunzo mtandaoni. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, na umemletea mwalimu maswali mengi kuliko semina yoyote inavyoweza kuyamaliza. Vifaa vipo mikononi. Ambacho hatujaamua ni kazi vitakayofanya.

Msimamo wetu ni huu: kazi bora ya vifaa hivyo ni kumwezesha mwalimu kulichunguza darasa lake mwenyewe, huku akiwa na mwezeshaji anayemfuatilia kila wiki kwa maswali.

Wazo la mwalimu mtafiti si geni. Kurt Lewin alieleza misingi ya utafiti tendaji huko Marekani mwaka 1946. Mwaka 1975, Lawrence Stenhouse wa Uingereza alichapisha kitabu kilichoshikilia kwamba mtaala haukui bila mwalimu kukua, na mwalimu hakui bila kuichunguza kazi yake. Walimu wetu wanaojiendeleza vyuoni wanalijua jambo hili. Lakini huko utafiti hufanywa kwa ajili ya alama, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, husahihishwa, kisha hufungiwa kabatini. Watoto waliochunguzwa hawaonji matunda yake.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Tano ana wanafunzi 80 na anaandika kundini: “Watoto hawaelewi sehemu.” Katika makundi mengi atajibiwa “pole mwalimu,” na mazungumzo yataishia hapo. Mwezeshaji anayejua kazi yake atamuuliza: ni wangapi? Wanakosea vipi? Tuonyeshe madaftari.

Mwalimu anapiga picha kurasa za madaftari kumi, majina yakiwa yamefunikwa. Mara jambo linaanza kuonekana. Baadhi ya watoto wamejumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wengine wamejua kwamba asili lazima zifanywe sawa, lakini wamekwama kwenye kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. Wa kwanza hawajajua sehemu ni nini. Kuwapa mazoezi zaidi ya kanuni ni kuwazamisha. Wa pili wanajua, ila wanayumba kwenye jedwali la kuzidisha.

Mwalimu anaamua kuwarudisha wale wa kwanza kwenye kukunja na kukata karatasi kwa wiki mbili. Kabla hajaanza, mwezeshaji anamtaka atoe jaribio fupi la maswali matano, kisha alirudie mwishoni, na matokeo ayaweke kwenye jedwali la pamoja ambalo wenzake wa shule jirani wanaliona na kuandika maoni pembeni. Mmoja anauliza: watoto wanne ambao hawajabadilika ndio wale wasiokuja siku ya gulio? Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio. Huo ndio utafiti. Haukuhitaji ukumbi wala posho ya siku tatu.

Tuangalie nini kimefanywa na mtandao hapo, na nini hakikufanywa nao. Mtandao umefupisha umbali: mwezeshaji aliye wilayani hawezi kufika shule ya mbali kila wiki, hasa masika barabara zinapokatika, lakini ujumbe wa sauti wa dakika mbili unafika. Mtandao pia umetunza kumbukumbu. Kwenye waraka wa pamoja wa Google Docs swali la wiki ya kwanza linabaki mahali pake, na mabadiliko yote yanaonekana. Kwenye kundi la WhatsApp swali hilohilo linafukiwa na matangazo kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo kila chombo kipewe kazi yake: sauti na picha zipite WhatsApp, ushahidi ukae kwenye waraka, na kikao cha Zoom kiitishwe mara chache, pale panapohitajika mjadala. Akaunti ya bure ya Zoom inakatika baada ya dakika 40, na muda huo unatosha kama watu wamekuja wameshasoma.

Lakini swali la “ni wangapi?” halikutoka kwenye mtandao. Limetoka kwa mtu. Mipango mingi hupotea hapo: fedha zinanunua mfumo, zinasahau mwezeshaji.

Majirani zetu wa Kenya wana la kutufundisha. Katika mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa shuleni mwaka 2015, maafisa wa mtaala walipewa vishikwambi vya kufuatilia vipindi vya kusoma. Afisa alikaa darasani, akajaza alichokiona, akawasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu akiwa na takwimu mkononi. Kilichofanya kazi hapo ni kwamba afisa alipewa wajibu wa kumsaidia mwalimu, na kifaa kikamsaidia kuutimiza. Hata hivyo maswali yalipangwa juu, yakashuka. Hatua inayofuata ni mwalimu mwenyewe kuleta swali, na mwezeshaji kumsaidia kulinoa.

Njiani kuna vikwazo vitatu ambavyo tunaviona waziwazi.

Cha kwanza ni ukaguzi. Utafiti wa darasani unaanza na kukiri: hapa sifaulu. Hakuna mwalimu atakayeandika maneno hayo mbele ya mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata na mthibiti ubora, watu ambao kesho wataandika ripoti juu yake. Tayari anajaza malengo na utekelezaji wake kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na anajua kila anachojaza kina macho. Akikutana na macho hayohayo kwenye kundi la utafiti, ataleta picha za watoto walionyoosha mikono na bango la “somo limefana.” Tutapata picha nzuri na kukosa ukweli. Kundi la utafiti litenganishwe na kundi la utawala, na kinachoandikwa humo kisitumike kumpima mwalimu. Viongozi wapelekewe walichojifunza walimu mwishoni mwa muhula, kwa ridhaa yao.

Cha pili ni gharama. Kishikwambi bila bando ni kioo tu. Leo mwalimu anayetuma picha za madaftari anatumia fedha yake, na anayekaa pasipo na mtandao wa uhakika hupanda mlima jioni kutafuta mnara. Kenya ilipozindua mafunzo ya lazima ya walimu mwaka 2021, na kutaka mwalimu ajilipie shilingi 6,000 za huko kila mwaka, malalamiko yalisikika kila kona. Tusirudie njia hiyo kwa mlango wa nyuma wa bando. Anayeitaka kazi ailipie. Na tuchague mbinu zinazokula data kidogo: video ya kipindi kizima inaweza kumaliza bando la wiki, wakati picha tatu za daftari na maelezo ya sauti vinaweza kumwonyesha mwezeshaji mengi kwa gharama ndogo.

Cha tatu ni watoto wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na ilianza kufanya kazi mwaka 2023. Picha ya mtoto akishindwa kusoma ubaoni, ikishatumwa kwenye kundi la watu 200, hairudi. Kanuni iwe fupi: daftari sawa, uso hapana, jina lifunikwe, sauti ya mtoto isirekodiwe bila mzazi kujua, anayetaka kutoa simulizi nje ya kundi aombe ruhusa kwanza. Mwezeshaji ndiye mlinzi wa kanuni hiyo.

Wapo watakaosema huu si utafiti. Darasa moja, mwalimu mmoja, hakuna kundi la kulinganisha, na mpimaji ndiye mpimwaji. Hoja hiyo ina uzito, na hatupaswi kuipuuza. Mwalimu aliyebuni njia yake anapenda kuiona imefaulu. Lakini dawa ya upendeleo huo ni jicho la pili, nalo ndilo ambalo kazi ya pamoja mtandaoni inaleta kwa bei nafuu: jaribio la kabla na la baada, mwenzako wa shule nyingine anayesahihisha karatasi zako bila kujua ipi ni ya lini, mwezeshaji anayeuliza kama mabadiliko hayo yangetokea hata bila karatasi za kukunja. Mwalimu hatafuti kanuni ya dunia nzima. Anatafuta uamuzi wa Jumatatu, na anastahili kuufanya akiwa na ushahidi.

Jambo jingine ni lugha. Kiswahili kiwe lugha ya kazi hii hata kwa walimu wa sekondari wanaofundisha kwa Kiingereza. Mwalimu anapoeleza kwa nini watoto wa Kidato cha Kwanza wananyamaza kwenye Biolojia, aeleze kwa lugha anayofikiria nayo. Huenda akagundua kwamba ukimya huo ni wa lugha, wala si wa Biolojia.

Tunatoa rai kwa halmashauri zisisubiri mradi wa wafadhili. Zianze na kata moja. Mwezeshaji mmoja asipewe zaidi ya walimu kumi, na achaguliwe kwa sababu walimu wenzake humwendea wanapokwama, cheo kikija baadaye. Apunguziwe vipindi, kwa maana kusoma na kujibu kazi za walimu kumi ni kazi, na haiwezi kufanywa usiku wa manane kwa moyo wa kujitolea pekee. Halmashauri itenge fedha za bando kwenye bajeti yake. Tume ya Utumishi wa Walimu nayo iangalie namna ya kuutambua utafiti uliokamilika wakati wa kupandisha madaraja, kwa sharti kwamba kisichofanikiwa kihesabike sawa na kilichofanikiwa. Tukiwapa tuzo waliofaulu tu, kila utafiti utafaulu.

Mwisho wa muhula, kata hiyo isiulizwe ilifanya vikao vingapi wala walimu wangapi walijiunga na kundi. Iulizwe walimu wake waliuliza nini kuhusu watoto wao, walipata ushahidi gani, na nini kimebadilika darasani. Ikikosa majibu, abadilishwe mwezeshaji au mbinu, kabla hakijanunuliwa kishikwambi kingine hata kimoja.