Kazi, Ajira na Hesabu: Nani Hasa Hana Kazi?

Kila mara takwimu za ukosefu wa kazi zinapotangazwa nchini Kenya, umma hushikwa na mshangao, kisha kicheko. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) liliripoti kwamba katika robo ya mwisho ya mwaka 2022, wasio na kazi walikuwa asilimia 4.9 tu ya nguvukazi. Vijana ambao wamezungusha vyeti vyao ofisini kwa miaka na mikaka hujiuliza ni Kenya ipi iliyohesabiwa. Aghalabu wao huamua kwamba hesabu zimepikwa. Tuhuma hiyo ni rahisi mno. Kinachowachanganya si tarakimu bali neno.

Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambavyo Kenya huvifuata, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu katika juma linalochunguzwa huhesabiwa kuwa na ajira. Saa moja! Mhitimu wa shahada aliyepakua mifuko ya saruji Jumanne asubuhi, akapewa ujira wake, kisha akakaa kitako hadi Jumapili, yumo katika orodha moja na meneja wa benki. Ili ahesabiwe kuwa hana kazi, sharti mambo matatu yakutane: asiwe na kazi, awe tayari kuianza, na awe ameitafuta katika majuma manne yaliyotangulia. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta huondolewa katika nguvukazi kabisa. Hivyo basi, asilimia yaweza kushuka kwa sababu watu wamechoka kubisha milango. KNBS pia hukokotoa kipimo kipana kinachowajumuisha waliokata tamaa, lakini wanasiasa hupenda kunukuu kile kidogo.

Isitoshe, katika nchi ambako asiye na kazi hapewi posho na serikali, ni nani awezaye kumudu kukaa bure juma zima? Maskini huuza njugu, hufua nguo, hubeba mizigo. Ripoti ya Hali ya Uchumi ya mwaka 2024 ilieleza kwamba nafasi mpya 848,100 zilipatikana mwaka 2023, na kati yazo 720,900 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Sekta hiyo, ambayo Wakenya huiita jua kali, ilipata umaarufu katika taaluma ya uchumi kupitia ripoti ya ujumbe wa ILO uliozuru Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972. Wataalamu waliiona kazi hapo ambapo wengi walikuwa wakiona uvivu tu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, wala si kwa kujipendekeza. Mwaka 2013, kongamano la kimataifa la wanatakwimu wa kazi lilitenganisha kazi kwa jumla na ajira. Nyanya anayelima mahindi ya kulisha nyumba yake pekee anafanya kazi, lakini hana ajira. Kiswahili kilikuwa tayari na maneno yote mawili. Ajira limetokana na Kiarabu na limebeba dhana ya ujira. Kibarua kimetokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Hata hivyo, mazungumzo ya kila siku huvuruga mpaka huo. Mchuuzi wa sukumawiki aamkaye saa kumi alfajiri husema bila kusita kuwa hana kazi, kwani kwake kazi ni mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mhoji akimwuliza, “Je, ulifanya kazi juma lililopita?” atajibiwa la. Akimwuliza, “Je, uliuza chochote au ulimfanyia mtu jambo lolote kwa malipo, hata kwa saa moja?” atajibiwa ndiyo. Mchuuzi ni yule yule, juma ni lile lile, bali majibu yanamhamisha kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine. Ni ajabu basi kwamba idara za Kiswahili vyuoni hushughulikia istilahi za isimu na fasihi kwa bidii kubwa, ilhali hojaji zinazoamua nani ahesabiwe vipi huachiwa wachumi. Tasnifu moja ya uzamili kuhusu jinsi wakazi wa Kibera, Kitui na Kilifi wanavyolielewa neno kazi ingewafaa wanatakwimu kuliko lawama zote zinazotolewa kila ripoti inapochapishwa.